Mfalme aliyeogopa kipaza sauti: George wa Sita na kigugumizi chake

Wazee wengi wa Afrika Mashariki walishika kichwa cha Mfalme George wa Sita mkononi bila kumwona hata siku moja. Kilikuwa kwenye shilingi: upande mmoja sura yake, upande wa pili simba. Vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland waliovaa sare za Keya walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma kupigana kwa jina lake. Lakini mtu huyo, ambaye amri zilitolewa kwa jina lake karibu katika robo ya dunia, alikuwa na kigugumizi. Kuna maneno aliyoyajua vizuri kabisa na hakuweza kuyatoa mdomoni.

Sisi tunaofanya kazi ya redio tunavutiwa na kisa chake kwa sababu kazi iliyomtisha kuliko zote ndiyo hii yetu ya kila siku: kukaa mbele ya kipaza sauti, taa ikawaka, na ukatakiwa kuanza kusema hapo hapo. Tena maisha yake yanatusaidia kueleza jambo ambalo bado linawasumbua wazazi wengi vijijini. Wapo wanaosema mtoto mwenye kigugumizi amerogwa. Wengine husema alimwiga mtu. Wengine wanaona ni uoga tu, akichapwa kidogo atanyooka. Mfalme huyu aliambiwa mengi ya namna hiyo, japo kwa Kiingereza.

Mtoto wa pili

Alizaliwa tarehe 14 Desemba 1895 huko Sandringham, mashariki mwa Uingereza. Aliitwa Albert, na nyumbani walimwita Bertie. Jina la George alilichukua baadaye, alipopewa ufalme. Alikuwa mtoto wa pili, na kwa desturi yao ufalme ni wa kaka mkubwa, kwa hiyo hakuna aliyemwandaa kutawala.

Baba yake, aliyekuja kuwa Mfalme George wa Tano, alikuwa mwanamaji wa zamani aliyependa nyumba iende kama meli. Bertie alizaliwa mtu wa mkono wa kushoto, akalazimishwa kuandika kwa mkono wa kulia. Magoti yake yaligongana, basi akafungwa vifaa vya kunyoosha miguu, akavivaa kwa muda mrefu kila siku na kwa maumivu mengi. Alipokuwa na miaka kama saba au minane, watu walianza kuona kwamba maneno yanamkwama. Baba alikosa subira. Kila mtoto alipokwama, alimhimiza kwa ukali alitoe neno. Kaka na dada walicheka, kama watoto wanavyocheka popote.

Alipopelekwa chuo cha wanamaji cha Osborne mwaka 1909, mambo yalizidi. Inasimuliwa kwamba darasani aliulizwa nusu ya nusu ni ngapi, naye akakaa kimya. Jibu alilijua. Ila neno la Kiingereza la robo huanza kwa sauti ya k, na sauti hiyo ndiyo iliyomfunga koo. Mwalimu akaona mtoto mzito wa akili. Katika mtihani wa mwisho pale Osborne alishika mkia.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu jambo hili lipo katika madarasa yetu leo. Mtoto aliyetumwa dukani kununua kiberiti akarudi na sabuni, huenda hakusahau alichotumwa. Neno kiberiti lilimkwama mbele ya muuza duka, watu wakawa wanamtazama, akachagua neno linalotoka. Wenye kigugumizi wengi ni mabingwa wa kubadilisha maneno. Bertie naye alijifunza kuzunguka. Alipotakiwa kumtaja mfalme, neno lenye ile k ngumu, alitafuta namna nyingine ya kusema.

Kinachotokea kichwani

Wakati wa utoto wake madaktari walikuwa wakichunguza ulimi, meno na pumzi. Tatizo hawakuliona, kwa sababu halikuwa hapo. Limekaa ndani zaidi, katika ubongo, na mashine za kuupiga picha ubongo wa mtu akiwa hai na anaongea zilikuja miaka mingi baada ya yeye kuzikwa. Kwa hiyo ubongo wake mwenyewe haukupimwa. Tunayoyaeleza hapa yametoka kwa watu wengine wenye kigugumizi kama chake, kile kinachoanza utotoni.

Kutamka neno moja dogo ni kazi ya makumi ya misuli: ya kifua, ya koo, ya taya, ya ulimi, ya midomo. Kila mmoja lazima uvute kwa zamu yake, na zamu hizo zinapishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa watu wengi, mpango wa kazi hiyo hupangwa katika nusu ya kushoto ya ubongo. Kuna eneo upande wa mbele, karibu na kipaji cha uso, linaloitwa kwa jina la daktari Mfaransa, Paul Broca, ambaye mwaka 1861 alieleza habari za mgonjwa aliyeelewa anachoambiwa lakini hakuweza kusema. Eneo hilo limeunganishwa na maeneo mengine, yale yanayosikiliza sauti na yale yanayoendesha midomo na ulimi, kwa mafungu ya nyuzi za neva. Nyuzi hizo ni kama barabara za kupitishia ujumbe.

Picha za mashine ya MRI zimeonyesha mara nyingi kwamba kwa watu wenye kigugumizi, baadhi ya barabara hizo za upande wa kushoto hazikujipanga vizuri kama kwa watu wengine. Ujumbe unapita, ila haufiki kwa wakati unaotakiwa.

Pia kuna vinundu vilivyo katikati kabisa ya ubongo, ambavyo kazi yake mojawapo ni kutoa ishara ya kuanza. Fikiria wavuvi wanaovuta wavu ufukweni. Nguvu wanazo, kamba wanayo, samaki wamo. Lakini wote wanamsikiliza mmoja anayeita, na akiita ndipo wanavuta kwa pamoja. Akichelewa kuita, au akiita mara mbili, wengine watavuta na wengine watasubiri, na wavu hausogei. Mwenye kigugumizi anayerudia sauti moja mara tatu, au anayebaki mdomo wazi bila sauti, yuko katika hali hiyo. Neno analijua. Misuli ni mizima. Mwitaji ndiye aliyechelewa. Kemikali ya ubongo iitwayo dopamini inahusika katika kazi ya vinundu hivyo, na ndiyo sababu watafiti wamejaribu dawa zinazoigusa, ingawa hadi sasa dawa si tiba ya kawaida ya kigugumizi.

Mfano huu wa wavuvi unaeleza pia jambo linaloshangaza wengi: mtu anayekwama katika kila sentensi anaimba kwaya bila kukwama hata mara moja. Wimbo una mapigo yake. Mwitaji wa nje amechukua kazi ya mwitaji wa ndani. Kusoma kwa pamoja na wenzako kunasaidia vivyo hivyo, na hata kusema huku ukigonga kidole mezani. Mapigo ya namna hiyo yanaupa ubongo njia nyingine ya kupangia muda, njia inayotumia zaidi sehemu za juu za ubongo na ule ubongo mdogo wa kisogoni unaosimamia mizani na mwendo wa mwili.

Halafu ubongo wenyewe haukai ukingojea. Tangu miaka ya 1990, wapimaji wameona kwamba mtu mwenye kigugumizi anapoongea, nusu ya kulia ya ubongo wake inafanya kazi kuliko inavyofanya kwa watu wengine. Daraja likivunjika, magari hutafuta njia ya pembeni, na njia hiyo huonekana imejaa. Wataalamu bado wanabishana sehemu gani ya kazi hiyo ya kulia ni msaada na sehemu gani ni breki inayozidisha kukwama, kwa kuwa upande huo pia una kazi ya kuzuia mwendo. Linaloonekana wazi zaidi ni hili: watu waliofanya mazoezi ya usemi kwa bidii wakapimwa tena, upande wa kushoto ulionekana kuamka na kuchukua tena kazi yake.

Kigugumizi hutembea katika koo za watu. Mwaka 2010 watafiti walitangaza jeni tatu zinazohusika katika baadhi ya familia, na nyingine zimefuata. Kati ya watoto 100, kama 5 hupitia kipindi cha kigugumizi, mara nyingi kikianza kati ya miaka miwili na mitano. Wengi wao hupona wenyewe. Kwa watu wazima hubaki kama mmoja kati ya 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake, karibu wanne kwa mmoja.

Na ule mkono wa kushoto? Katika miaka ya 1920 na 1930, huko Iowa, Marekani, Samuel Orton na Lee Travis walifundisha kwamba kumlazimisha mtoto kubadili mkono kunazifanya nusu mbili za ubongo zigombanie usemi, na hapo ndipo kigugumizi kinapozaliwa. Ilikuwa nadharia yenye mvuto, na kisa cha Bertie kilionekana kuithibitisha. Utafiti wa baadaye haukuiunga mkono. Kumlazimisha mtoto aache mkono wake ni kumtesa bure, lakini hakutoshi kumpa kigugumizi. Bertie mwenyewe hakuuacha mkono ule kabisa. Mwaka 1926 alicheza tenisi Wimbledon, mchezo wa wawili wawili, na raketi aliishika kwa kushoto. Walitolewa mzunguko wa kwanza.

Ukali wa baba yake nao haukuanzisha tatizo. Uliliongezea uzito. Hofu hukaza koo na kifua, na mtu anapolitazamia neno gumu linalokuja mbele kama shimo barabarani, anakaza zaidi kabla hajalifikia. Kwa hiyo mzazi anayemngojea mtoto amalize, akimtazama usoni kwa utulivu bila kumkamilishia neno, anamwondolea sehemu ya mzigo. Kumwambia aongee haraka, au arudie vizuri mbele ya wageni, ni kumwongezea. Na kama hali hiyo imeendelea miezi mingi, baadhi ya hospitali kubwa za rufaa zina wataalamu wa tiba ya usemi. Inafaa kuuliza.

Wembley

Turudi kwa Bertie. Alipigana katika vita vya baharini vya Jutland, tarehe 31 Mei 1916, akiwa na miaka 20, ndani ya manowari Collingwood. Mwaka 1920 alipewa cheo cha Duke wa York. Alimposa Elizabeth Bowes-Lyon, akakataliwa mara mbili, akakubaliwa ya tatu, wakaoana Aprili 1923. Desemba 1924 wawili hao walishuka Mombasa, wakapanda kwenda bara, wakapita Kenya, Uganda na Sudan, wakarejea kwao mwaka uliofuata. Wanaoandika habari zake husema miezi hiyo ilikuwa ya furaha. Tunaamini. Porini hakuna anayedai hotuba.

Hotuba ilimngoja Uingereza. Tarehe 31 Oktoba 1925 alitakiwa kufunga maonyesho makubwa ya himaya pale Wembley, mbele ya umati mkubwa na vipaza sauti. Maneno yalikwama, vituo vikawa virefu, watu wakainamisha macho. Kwake na kwa mkewe ilikuwa aibu ya hadharani. Na safari ya Australia, ambako angehutubia mara kwa mara, ilikuwa inakuja.

Alikuwa amejaribu matabibu kadhaa bila mafanikio. Ndipo akaelekezwa kwa Lionel Logue, Mwaustralia aliyezaliwa Adelaide mwaka 1880. Logue hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kusema mbele ya watu, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuwa amewasaidia askari waliorudi kutoka mapigano wakiwa wamepoteza sauti. Walikutana London tarehe 19 Oktoba 1926. Logue alitaka mtoto wa mfalme aje ofisini kwake kama wagonjwa wengine, na huko waongee kama watu walio sawa.

Kazi ilikuwa ya kuchosha. Kila siku, mazoezi ya kupumua kwa kutumia ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Kusimama dirishani na kutoa kila irabu kwa sauti kubwa na ndefu. Vitanza ndimi, kama vile vya kuku na kaka ambavyo watoto wetu hushindana navyo. Katika miezi kama 14 walikutana zaidi ya mara 80.

Logue aliamini shida ilikuwa pumzi mbaya. Leo tunaona kwamba kukwama kwa pumzi kulikuwa matokeo zaidi kuliko chanzo. Lakini mazoezi yake yaligusa mahali penyewe bila yeye kupaona. Kusema polepole, kwa vipande vifupi, kila kipande na pumzi yake, ni kumpa yule mwitaji aliyechelewa mapigo ya kufuata. Hotuba iliyorudiwa mara nyingi inaubakishia ubongo kazi ndogo ya kupanga papo hapo. Na mwalimu asiyeshtuka mtu akikwama anapunguza ile hofu iliyopandwa mezani kwa baba.

Tarehe 9 Mei 1927, huko Canberra, alifungua jengo jipya la bunge la Australia, akatoa hotuba bila kuanguka.

Mlango uliofungwa, yeye na kipaza sauti

Angeweza kuishia hapo, mtu wa cheo cha pili mwenye hotuba chache kwa mwaka. Lakini baba alifariki Januari 1936, kaka yake Edward akatawala kwa miezi isiyofika 11, kisha akaacha kiti ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke Mmarekani aliyekuwa katika talaka yake ya pili. Tarehe 11 Desemba 1936 Bertie akawa mfalme. Siku mbili baadaye, Askofu Mkuu wa Canterbury alikitaja kigugumizi chake kwenye redio, taifa zima likisikiliza. Huenda nia ilikuwa njema. Matokeo yake ni kwamba kila aliyewasha redio baada ya hapo alikuwa akisubiri kumsikia akikwama, na yeye alilijua hilo.

Logue akarudishwa. Jioni ya siku ya kutawazwa, 12 Mei 1937, mfalme alizungumza moja kwa moja hewani, akafaulu. Kisha ikaja jioni ya 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani. Katika chumba hicho alikuwa na Logue tu. Karatasi ilikuwa imewekwa alama mahali pa kupumua na mahali pa kukazia. Hii ndiyo ilikuwa desturi yao: Logue alipita hotuba kwa kalamu, akaondoa maneno yenye sauti ngumu, akaweka mengine yenye maana ile ile. Ni ujanja ule ule wa mtoto wa kiberiti, ila safari hii ulifanywa kwa utulivu na kabla ya wakati, na ujumbe haukupotea.

Sauti ya hotuba hiyo imehifadhiwa, na tumeisikiliza zaidi ya mara moja. Vituo vipo, vingine virefu kuliko ambavyo mtangazaji yeyote angeruhusiwa leo. Kwa sikio la redio ni hatari, kwa sababu ukimya hewani humfanya msikilizaji adhani mitambo imezima. Lakini kwa watu waliokuwa wakipelekewa habari ya vita, ukimya ule ulisikika kama uzito wa mtu anayejua anachosema. Mabomu yalipoanza kuanguka London mwaka 1940, yeye na mkewe walibaki, na makazi yao yakapigwa pia.

Hakupona. Hilo tunalisema wazi kwa kuwa wapo wanaosimulia kisa hiki kama muujiza. Kila Krismasi ya vita ilimwogofya upya, naye alifanya tena mazoezi yale yale ya mwaka 1926. Kilichobadilika ni kwamba aliweza kuyafanya bila kushikwa mkono. Krismasi ya 1944 alizungumza na dunia Logue akiwa nyumbani kwake, anasikiliza redio kama watu wengine.

Alivuta sigara sana. Septemba 1951 madaktari walimwondoa pafu moja lenye saratani, na ile pumzi aliyoifundisha kwa miaka 25 ikakatwa karibu nusu. Krismasi ilipofika hakuweza tena kuzungumza moja kwa moja. BBC waliirekodi salamu yake mapema, kipande kwa kipande, kadiri nguvu zilivyomruhusu, kisha wakaviunganisha. Ilikuwa mara ya kwanza salamu ya Krismasi ya mfalme kurushwa ikiwa imerekodiwa. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini maneno yote yalitoka.

Tarehe 31 Januari 1952 alisimama uwanja wa ndege wa London kumsindikiza binti yake Elizabeth, aliyekuwa akianza safari kwa kupitia Kenya. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari alifariki usingizini huko Sandringham, nyumbani alikozaliwa, akiwa na miaka 56. Usiku huo Elizabeth alikuwa Treetops, katika msitu wa Aberdare karibu na Nyeri, akitazama wanyama wakija kunywa maji. Habari ilimfikia siku hiyo hiyo Sagana, kupitia kwa mumewe. Logue alifuata mwaka mmoja baadaye, Aprili 1953.